Zilipendwa na nani? Clarendon, herufi nene na ritifaa yetu

KITABU cha Kiswahili huanza kusema kabla hakijafunguliwa. Msomaji anayepita mbele ya rafu hajasoma hata silabi moja ya kichwa, lakini tayari amekwisha kuambiwa kwamba hiki ni cha shule, kile ni cha dini, kile pale ni riwaya ya mapenzi, na hiki hapa kinajifanya mzee kuliko umri wake. Anayemwambia hayo si mwandishi wala mchapishaji. Ni herufi zenyewe: unene wake, miguu yake, nafasi iliyoachwa baina yake. Sisi tunaohakiki vitabu katika kurasa za magazeti hujaza aya kwa aya tukichambua msuko, wahusika na mtindo, ilhali jalada tunalipita kama mlango ulioachwa wazi. Leo nataka kusimama hapo mlangoni kidogo.

Sura ya herufi ninayokusudia kuihakiki inaitwa Clarendon. Huenda jina ni geni lakini sura si ngeni. Ni herufi nene, pana, yenye miguu mizito, na siku hizi iko kila mahali, yenyewe au binamu zake: kwenye majalada, kwenye vibao vya mikahawa, kwenye pakiti za kahawa, kwenye mabango ya tamasha. Wasanifu wakiulizwa kwa nini wameichagua, jibu ni moja: ina ladha ya kizamani. Kiswahili kina neno tamu kuliko hilo. Tunasema zilipendwa. Hebu tulitazame neno hili kisarufi. Ni kitenzi penda katika kauli ya kutendwa, wakati uliopita, na mtenda ameachwa nje. Zilipendwa na nani? Katika muziki swali hilo halina haja, kwani tunawajua waliozicheza nyimbo hizo. Wengine wao ndio waliotulea. Katika herufi swali lina haja kubwa, na nadhani wengi wetu hatujawahi kuliuliza.

Kwanza umbo. Itazame nembo ya Sony, ya Honda au ya Volvo. Kila herufi imesimama juu ya kibao bapa kilichonyooka, kana kwamba imejengewa msingi wa saruji. Herufi za kawaida za vitabuni nazo zina vijikia mwishoni mwa mistari yake, ila hivyo ni vyembamba na vimechongoka. Vijikia hivyo wataalamu wa uchapaji huviita serifu, neno tuliloliazima tu. Kwa hivi vizito mimi napendelea kusema vizingiti, kwa sababu mlango nao una kizingiti cha chini na cha juu, na herufi H ya aina hii inavyo chini na juu, kushoto na kulia, vinne kwa jumla. Anayetaka kuendelea na serifu aendelee, hatutagombana.

Ukoo huu wa vizingiti una watoto wengi na hawafanani tabia. Kuna Memphis, iliyochorwa na Rudolf Wolf nchini Ujerumani mwaka 1929, na Rockwell ya kampuni ya Monotype ya mwaka 1934. Hizi ni za pembe mraba, unene sawa kila mahali, kama fremu ya chuma iliyochomelewa. Kuna herufi za taipureta, nyembamba lakini zenye vizingiti virefu. Huko kizingiti hakikuwekwa kwa urembo. Taipureta humpa kila herufi nafasi iliyo sawa, na i au l isiyo na kizingiti ingeelea peke yake katikati ya nafasi yake kama mtoto aliyekalia kiti cha babu. Clarendon ni tofauti na zote hizo. Kizingiti chake hakiungani na nguzo kwa pembe kali bali kwa mkunjo laini, mistari yake ina unene na wembamba unaopishana, na herufi zake kadhaa ndogo, mathalani a, c, f, j, r na y, huishia kwenye kidoto cha duara kama tone la wino lililokataa kukauka. Hapo ndipo utamu wake ulipo. Ni nzito lakini ina tabasamu.

Sasa historia. Mwanzoni mwa karne ya 19 London ilikuwa imejaa bidhaa, na bidhaa zilitaka kutangazwa. Herufi za vitabu, zilizochongwa kwa ajili ya msomaji aliyeketi na taa yake, hazikuweza kumsimamisha mtu anayepita barabarani. Kati ya 1815 na 1817 Vincent Figgins, msubu herufi wa mji huo, alitoa katika kitabu chake cha vielelezo herufi kubwa zenye vizingiti bapa na kuziita za kale, jina la ajabu kwa kitu kilichokuwa kipya kabisa. Tazama basi: tangu siku ya kwanza herufi hii ilizaliwa ikiwa na mvi za bandia.

Wengine wakaziita za Kimisri, na jina hilo ndilo lililoenea Uingereza, likavuka hadi Ufaransa na Ujerumani. Kwa nini Misri? Jeshi la Napoleon lilikuwa limeivamia nchi hiyo mwaka 1798, Waingereza wakawashinda Wafaransa huko mwaka 1801, na mwaka uliofuata Jiwe la Rosetta likaingia London. Kila kitu cha Misri kikawa fasheni, kuanzia samani hadi mapambo ya nyumba. Msubu herufi naye akajichukulia jina. Lakini katika mwandiko wa kale wa Misri hakuna chochote kinachofanana na vizingiti hivi. Jiwe la Rosetta lenyewe lina hati tatu, na hakuna hata moja kati yake inayoweza kuitwa mzazi wa herufi za Figgins. Zaidi ya miaka 100 baadaye mchezo uliendelea: Memphis ni jina la mji mkuu wa kale wa Misri, na mwaka 1931 Marekani ikapata Karnak, jina la mahekalu yaliyo kwenye Mto Nile. Afrika imechangia jina, umbo haikuulizwa. Nalitaja hili kwa sababu ukurasa huu ni wa lugha, na watu wa lugha wanajua kwamba jina lililobandikwa kwa fasheni hukaa miaka 200 bila mtu kulidai.

Clarendon yenyewe ilizaliwa mwaka 1845 katika kiwanda cha kusubu herufi cha Fann Street, London. Mwenye kiwanda alikuwa Robert Besley, ambaye baadaye alikuja kuwa Meya wa London. Mchongaji alikuwa Benjamin Fox. Besley aliisajili kisheria ili wengine wasimwibie, na sheria ikampa ulinzi wa miaka mitatu. Mitatu tu! Ulipokwisha, wenzake wakaifuata kama nzi. Clarendon zikawa nyingi sokoni hata jina likaacha kuwa la bidhaa moja na kuwa la jumla, mithili ya jinsi sisi tunavyosema kiwi kwa rangi yoyote ya viatu. Katika Kiingereza cha wachapaji, kusema Clarendon kulikuwa sawa na kusema herufi nzito.

Na kuna jambo ambalo wengi wanaoitumia leo kwa ajili ya kelele hawalijui. Clarendon haikukusudiwa kupiga kelele peke yake. Ilikusudiwa kuketi kwenye mstari mmoja na herufi za kawaida, ikimwonyesha msomaji neno la kushika. Yaani ilikuwa herufi ya kamusi. Kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford iliweka vidahizo vyake kwa Clarendon. Tunapofungua leo Kamusi ya Kiswahili Sanifu na jicho likaenda moja kwa moja kwenye kidahizo kilichokolezwa wino, tunafaidi mpango uleule wa neno nene lililozungukwa na maelezo membamba. Clarendon ya namna hiyo naipenda bila masharti. Ni herufi inayonyoosha kidole, haimshiki mtu shati.

Kelele zilikuja zaidi kutoka Marekani. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alibuni mashine ya kuchonga herufi za mbao kwa wingi. Herufi kubwa ya risasi ni nzito, ni ghali na huweza kupinda inapopoa. Ya mbao ni nyepesi na rahisi, na unaweza kuichonga kubwa kama sahani. Kuanzia hapo wachongaji walifanya walivyotaka. Waliibana Clarendon ikawa nyembamba kama mtu aliyepita katikati ya ukuta na kabati, wakavivimbisha vizingiti vya juu na chini hadi vikawa vinene kuliko nguzo zenyewe. Hiyo ndiyo iliyoitwa Clarendon ya Kifaransa, jina jingine la fasheni. Hiyo ndiyo tunayoiona kwenye filamu za makauboi, juu ya picha ya mhalifu anayetafutwa, na kwenye mabango ya sarakasi. Msanifu wa Nairobi anapotaka ladha ya zamani kwenye kibao cha nyama choma, mara nyingi ndiyo anayoifikia.

Hapo ndipo ninaporudi kwenye swali langu. Zilipendwa hizo ni za mji wa vumbi wa magharibi mwa Marekani, mji ambao wengi wetu tumeufahamu kupitia runinga. Hata huko kwenyewe kumbukumbu si ya makauboi tu. Mabango ya minada ya watumwa, na yale ya kuahidi zawadi kwa atakayemkamata mtumwa aliyetoroka, yalichapwa kwa herufi nene za jamii hizi hizi, kwa sababu ndizo zilizokuwa kwenye kasha la mchapaji wa mtaani. Sisemi kwamba herufi ina hatia. Kasha lilelile lilichapa pia mwaliko wa harusi na tangazo la mkutano wa kanisa. Ninachosema ni kwamba herufi, kama lugha, ina lafudhi. Mtu hazungumzi bila lafudhi, na kichwa cha kitabu hakichapwi bila lafudhi. Ukitoa tamthilia kuhusu Pwani ya miaka ya 1950 kwa Clarendon ya Kifaransa, umemwekea Mswahili wako kofia ya kauboi, na hajui kwa nini watazamaji wanacheka.

Najua mtu ataniambia: bwana, A ni A, tusitafute uchawi kwenye fonti. Basi na achukue tangazo la tanzia, alichape kwa herufi za sarakasi, ampelekee mjane. Akirudi salama tutaendelea na mazungumzo.

Na tukiuliza zilipendwa zetu wenyewe ni zipi, jibu lipo, ila hatukulizoea kulitafuta kwenye orodha za fonti. Kwa karne nyingi Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu, isiyo na herufi kubwa wala ndogo. Mkazo wake ulitokana na kurefusha mkono wa herufi, wala si kuinenepesha miguu. Kisha kuna kanga. Majina ya kanga yalianza kuchapwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati ya Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi, na duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lile la Mali ya Abdulla, ndilo linalotajwa sana katika kuyaeneza. Nina hakika hakuna maandishi ya Kiswahili ya kusomwa kwa mbali yaliyosomwa na watu wengi na kwa muda mrefu kuliko hayo. Yanaonekanaje? Aghalabu ni herufi kubwa tupu, zisizo na kizingiti hata kimoja, zimepangwa kwenye ukanda mmoja chini ya mji wa kanga. Ukanda haurefuki. Sentensi ikiwa ndefu, herufi zinabanana; ikiwa fupi, zinapanuka. Mchoraji wa kanga anajua tangu mwanzo kwamba maneno ya Kiswahili yanahitaji nafasi, kwa hiyo anaokoa pale anapoweza. Miguu ya herufi ni kitu cha kwanza kuondoka.

Hilo linanileta kwenye kiini cha uhakiki huu. Tukiweka kando historia na lafudhi, je, Clarendon inakiweza Kiswahili? Maana fonti hizi zilichongwa na watu waliokuwa na maneno ya Kiingereza vichwani, na Kiingereza cha mabango ni lugha ya maneno mafupi. Neno la Kiingereza lililoandikwa juu ya picha ya mhalifu lina herufi sita. Letu, anatafutwa, lina 10, na nne kati yake ni a. (Zawadi, kwa haki, ina herufi sita sawa na mwenzake wa Kiingereza. Wawindaji wa wahalifu tungewaweza kwenye mstari wa pili.) Kiswahili hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kitenzi kwenye gari moja. Kwenye mazungumzo hiyo ni neema. Kwenye jalada la upana wa sentimita 13, kwa herufi pana zenye miguu iliyotanuka, ni taabu.

Wamarekani wenyewe waliiona taabu hiyo kwa maneno yao mafupi. Idara yao ya Mbuga za Taifa ilitumia Clarendon kwenye vibao vya barabara kwa miongo mingi, kisha ikaagiza sura mpya, inayoitwa Rawlinson, iliyochorwa na James Montalbano. Mojawapo ya sifa zake ni kwamba haichukui nafasi kubwa kama Clarendon. Kama majina ya mbuga zao yalibanana, fikiria kichwa kama Hawakutambuana.

Lakini urefu ni nusu tu ya tatizo, tena nusu iliyo nyepesi. Nusu nyingine imo ndani ya sarufi yetu. Andika kwa herufi kubwa: WATAYATAKA. Hilo ni neno la kawaida kabisa la Kiswahili, nafsi, wakati, kitendwa na mzizi. Sasa tazama herufi zinazokaa jirani: W na A, A na T, T na A, A na Y. Hizi ndizo jozi zinazompa mchapaji maumivu ya kichwa katika sura yoyote, kwa sababu moja imeinama na nyingine imenyoosha mikono, na baina yao hubaki pengo. Kwenye herufi zisizo na vizingiti unaweza kuisogeza T ikaingia kidogo juu ya bega la A, pengo likafa. Kwenye Clarendon huwezi. A ina miguu iliyojitokeza nje, T ina vizingiti vinavyoning'inia kwenye ncha za mikono, na ukizisukuma karibu miguu ya moja inakanyaga eneo la mwenziwe kabla pengo la juu halijapungua. Kiingereza hukutana na jozi hizo mara moja moja. Sisi wa-, ta-, ya- na ka- ndiyo mkate wetu wa kila siku. Ni viambishi vya ngeli, nafsi na nyakati. Huwezi kusema lolote kuhusu watu, kesho au mambo bila kuziamsha. Kwa hiyo kichwa cha Kiswahili kwa Clarendon kubwa tupu hutoka na matundu kama meno ya mtoto wa darasa la pili, na msanifu hajui alikosea wapi, kwa kuwa kielelezo alichokiona aliponunua fonti kilikuwa kimepangwa vizuri. Kilikuwa cha Kiingereza.

Geuza sasa uandike kwa herufi ndogo, uone muujiza. Herufi ndogo za Clarendon ni kubwa za mwili, matumbo yake yako wazi, na a yake ina kidoto juu na kikia kinachoinuka chini kulia, kama mtu anayemaliza sentensi kwa kuinua nyusi. Kiswahili, ambacho maneno yake karibu yote huishia kwa irabu na a ndiyo inayojirudia kuliko herufi nyingine zote, kinapata kikia hicho mwishoni mwa neno mara kwa mara. Andika chai. Andika njia. Andika maji. Kidoto cha j kinashuka chini ya mstari, kikia cha a kinampokea jirani, na neno linaonekana limeshibana. Sidhani Fox alipokuwa akichonga mwaka 1845 alikuwa na habari ya lugha hii, lakini angeiona angefurahi. Kwa maneno mawili au matatu, kwa herufi ndogo, nimeona sura chache zinazokipendeza Kiswahili kama hii. Ikizidi hapo, a zikiwa nyingi na tumbo la kila moja likiwa limebanwa na unene, mstari unaanza kuwa mweusi na jicho linachoka.

Sasa ritifaa. Hapa siongei kama mtu wa michoro, naongea kama mwalimu wa lugha, na nina uchungu kidogo. Ritifaa katika Kiswahili si pambo, wala haidokezi kwamba kuna herufi iliyoachwa kama ilivyo kwa Kiingereza. Ni sehemu ya konsonanti. Ng' ni sauti moja, ng ni nyingine. Ng'oa ni kukitoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni wivu au tamaa. Mwanafunzi akiisahau ritifaa kwenye insha anakatwa alama ya tahajia, na ni haki. Lakini mwanafunzi huyohuyo akiinua macho anakuta Muranga, Langata, ngombe na ngambo zimechapwa kwa herufi za ukubwa wa kiganja, kwenye jalada, kwenye kibao, kwenye fulana. Nani amemfundisha uongo?

Msanifu akiulizwa husema ritifaa ilikuwa inaharibu sura. Na kwa hili, lazima tumpe haki yake, macho yake hayamdanganyi. Kwenye Clarendon, g ndogo ina sikio upande wa juu kulia, nalo huishia kwenye kidoto. Ritifaa nayo ni kidoto kinene chenye mkia. Ukiandika ng'ombe, vidoto viwili vinakutana uso kwa uso, juu tu ya mlango wa o, na macho hayajui kimoja ni cha nani. Kwa herufi kubwa hali ni mbaya zaidi: MURANG'A inapasuka, kwa kuwa ritifaa inaning'inia juu na chini yake kunabaki shimo pana baina ya G na mguu wa A. Neno moja linaonekana maneno mawili, la pili likiwa na herufi moja. Mchongaji wa Kiingereza hakulijali sana hilo kwa sababu kwake alama hii huja hasa karibu na mwisho wa neno, mbele ya s nyembamba. Kwetu inakaa katikati, penye moyo wa neno, na irabu pana inaifuata.

Basi wako wanaoifuta. Wako wanaoiacha alama iliyonyooka ya kibodi, ambayo penye herufi zenye mikunjo na vidoto inaonekana kama msumari uliosahauliwa na fundi. Na wako, wachache, wanaofanya kazi yao: wanaipunguza ukubwa, wanaiinua kidogo ipishane na sikio la g, wanaisogeza A iingie chini yake. Hakuna programu inayofanya hayo yenyewe kwa ajili ya Kiswahili. Ni jicho na mkono.

Lipo na suala la kukata neno mwishoni mwa mstari, ambalo herufi pana hulileta kwa nguvu. Silabi zetu huishia kwa irabu, lakini programu iliyoachwa kwenye Kiingereza hukata inavyojua yenyewe, nasi tunapewa mwanaf- juu na -unzi chini, kwa herufi kubwa kama tofali. Kwenye habari ya kawaida kosa kama hilo humezwa na maneno mengine. Kwenye jalada halina pa kujificha.

Sipendekezi tuitupe Clarendon. Nimekwisha kusema naipenda, na fonti hii ina miaka zaidi ya 175 ya kuvumilia mapenzi ya watu wa kila namna. Hermann Eidenbenz aliifufua Uswisi mwaka 1953, Freeman Craw akatoa ya kwake Marekani miaka miwili baadaye, na kila kizazi kinaikuta upya. Ninachokataa ni kuichukua kwa sababu eti ni ya zamani, pasipo kuuliza zamani ya nani, halafu kukikata Kiswahili ritifaa ili kiingie kwenye kiatu chake. Kitabu kinachotaka kutukumbusha Mombasa ya babu zetu kiangalie kanga kwanza. Kitabu kinachotaka neno moja lisimame imara, lionekane kutoka upande wa pili wa barabara na bado liwe na uchangamfu, hicho Clarendon inakifaa, kwa herufi ndogo, bila kofia ya kauboi.

Na kabla mchapishaji hajalipia fonti yoyote ya jamii hii, amwombe msanifu aandike maneno manne, kwa herufi ndogo na kwa herufi kubwa: watayataka, manung'uniko, Lang'ata, njia. Kuyaandika ni kazi ya dakika mbili. Kuliziba shimo lililo chini ya ritifaa ya Lang'ata ni dakika nyingine tano.